Binzari ya Hitima

Siku yangu ya kwanza kazini, mnyapara wa ghala hakuniuliza jina. Aliniambia nifungue viganja, akavinusa kimoja kimoja, halafu akavifuta kwa kitambaa cheupe na kukitazama kwenye mwanga wa mlango. Nilikasirika. Nilidhani ananishuku wizi na hata kuiba sijaiba. Kumbe alikuwa anatafuta jasho, maana mwenye viganja vya majimaji akishika binzari iliyokwisha kukauka, haichukui muda itaota ukungu. Alipotosheka alisema, "Vikavu. Kaa pale na wenzio." Ndivyo nilivyoajiriwa Mohoro, wakati wa Mwingereza, nikiwa mwanamke mtu mzima, nimeachika na sina wa kumtegemea.

Ghala lilikuwa la Mhindi mmoja mfanyabiashara ambaye sote tulimwita Bwana Mkubwa. Aliuza kila kitu, lakini sisi wanawake wa ua wa nyuma kazi yetu ilikuwa binzari tu. Ililetwa na wakulima kutoka milima ya Umatumbi, kusini, ikiwa bado mbichi, imejaa kwenye makanda na kunuka udongo. Kwanza tuliitenga. Shina nene la katikati tuliliita mama, na vile virefu vinavyoota pembeni tuliviita vidole. Mama huchemka polepole, vidole huchemka upesi, na ukivitia chungu kimoja kimojawapo kitaharibika. Tulichemsha mpaka kijiti kikichomwa kipenye bila kusukumwa, tukaanika juu ya majamvi, tukageuza kila jua lilipohama. Ikishakauka tuliimimina kwenye gunia, wawili wakashika pembe na kulitikisa mpaka maganda yatoke. Mwisho kinu na mchi, kisha chekeche, kisha kitambaa chepesi kwa ule unga wa kuuza kwa wenye kuchagua.

Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa kushuku. Watu husema nina roho ya kushuku. Sikuzaliwa nayo, nililipwa niwe nayo. Mkulima alifukia mawe katikati ya kanda. Mwingine alilowesha gunia usiku ili liwe zito asubuhi. Wenye maduka wengine walichanganya unga wa mchele, na wasiomcha Mungu walitia vumbi la tofali. Mnyapara alinifundisha kuvunja kidole cha binzari karibu na sikio: kilichokauka hulia, kibichi hunyamaza. Alinifundisha kuchukua unga kidogo na kuupaka chokaa ya tambuu. Binzari safi hugeuka nyekundu kama damu, na iliyochanganywa hubaki imepauka. Bwana Mkubwa naye alikuwa na maneno yake, aliyoyasema kila mkulima anapoingia na tabasamu: "Mtu muulize hali. Binzari usiiulize, ivunje."

Vijana wa leo mtaniuliza tabu yote hiyo ya nini. Ni kwa sababu kwetu bondeni, mchuzi usio na binzari ulikuwa maji ya kunawia. Kambale wa mtoni ana shombo, na hakuna kitu kinachoikata kama binzari na ndimu kabla hujatia tui. Kamba wa huko deltani tuliwapaka binzari na chumvi kabla ya kuwakausha. Papai bichi, mbaazi, hata kisamvu kwa wengine, vyote vilitaka chembe yake. Na haikuwa ya chunguni tu. Mwali anapotolewa ndani, au bibi harusi anapoingia kwa mumewe, alisingwa kwa binzari mpaka ang'ae, na siku hiyo ulipikwa wali wa njano. Ukipita mahali ukaona sinia la wali wa njano, huna haja ya kuuliza. Hapo kuna mwanamke anayekabidhiwa kwa mwanamume. Shikeni hilo, maana ndilo lililoleta balaa.

Mto ulipofurika mwaka mmoja na ghala la Mohoro kulowa mpaka kwenye rafu za juu, Bwana Mkubwa alifungua duka lingine Kibiti, barabarani, akamweka mwanawe. Huyo tulimwita Bwana Mdogo. Mimi nikahamishwa naye, nikatolewa ua wa nyuma na kuwekwa kaunta, niuze viungo. Bwana Mdogo alikuwa mpole na mwepesi wa kuamini watu. Nilimhofia kwa hilo. Nilimwambia mara nyingi kwamba dukani, imani ni bidhaa isiyo na faida, naye alicheka na kuniita polisi wake.

Jirani yangu wa kwanza Kibiti alikuwa mwanamke aitwaye Sikujua. Alitokea Mbwara, akaolewa na mkulima wa mpunga, mtu mkimya, na wawili hao walifyeka shamba lao bondeni kwa mikono yao wenyewe mpaka likawa shamba la kutazamwa na wapita njia. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka ninaousimulia, mume alipata homa akafa, mpunga ukiwa umefika magotini. Sikujua akaingia eda. Mnajua eda ya mjane: hatoki, hajipambi, hajifukizi, hagusi manukato wala wanja, miezi minne na siku kumi.

Aliyesimamia msiba alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Sitamtaja jina, ana wajukuu na wengine wananisalimia vizuri. Mtu yule sikumpenda tangu siku alipokuja dukani, mchanga wa kaburi haujakauka, akamuuliza Bwana Mdogo mpunga wa bondeni mwaka huo utachukuliwa kwa bei gani. Mpunga wa nani? Nilijiuliza, nikaendelea kupima viungo.

Ilipofika hitima ya arobaini, shemeji alitaka sifa. Hakutaka wali wa nazi kama wa watu wote, alitaka pilau. Wakati ule pilau haikuwa chakula cha kila kijiji. Wanawake wengi wa Kibiti walikuwa wameila, lakini hawajaipika. Kwa hiyo aliajiriwa mpishi, Mwunguja aliyekuwa akizunguka na masufuria yake kwenye shughuli za watu. Tulimwita Fundi. Fundi alitaja viungo vyake kwa mdomo: mdalasini, iliki, pilipili manga na bizari. Mke wa shemeji akaja dukani kwangu akaniambia binzari, nikampimia binzari. Nilishangaa kidogo wingi wake, nikasema labda walaji ni wengi.

Vitu vyote vya shughuli vilihifadhiwa chumbani kwa Sikujua, kwa sababu yeye alikuwa hatoki na pale palikuwa na mtu wa kuvilinda. Fundi akakaanga vitunguu na nyama yake, akatia mchele, akasikia watu wanaanza kusoma. Naye alikuwa mtu wa dini, hakutaka kukosa. Akawaambia wanawake waliokuwa mekoni, "Tieni bizari mkono mmoja kila sufuria, mfunike, msifunue mpaka nije." Wakaenda mlangoni kwa Sikujua, wakaomba binzari. Akafungua karatasi, akawapimia kwa mkono wake, sufuria baada ya sufuria.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wapakuaji. Wali ulipofunuliwa ulikuwa wa njano kama wa harusi. Wanawake waliutazama, na sikuona mmoja aliyethubutu kusema, maana wanaume walikwisha kukaa na dua ilikwisha kusomwa. Masinia yakatoka. Kule barazani mkono hata mmoja haukwenda kwenye sinia. Mzee mmoja, mjomba wa marehemu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nani anaolewa?"

Shemeji aliinuka, akapita mekoni bila kumtazama mtu, akasimama mlangoni kwa mjane. Akamwambia atoe mikono. Sikujua akaitoa, hajui anaulizwa nini. Vidole vyote vilikuwa vya njano mpaka kwenye kucha. Mjane wa siku arobaini, ndani ya eda, ana mikono ya bibi harusi. Shemeji hakupiga kelele. Aligeuka tu, akawaambia watu waliokusanyika nyuma yake watazame wenyewe.

Jioni ile hadithi ilikuwa imekamilika, ina kichwa na miguu. Kwamba Sikujua ana mwanamume. Kwamba amekwisha kujisinga kwa ajili yake, na wali ule ulikuwa ishara ya kumwambia kwamba mambo yako tayari. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakakumbuka kwamba homa ya marehemu ilikuwa ya ghafla mno. Mwanamume mwenyewe ni nani, hawakusema, kwa kuwa hawakumjua. Waliacha nafasi wazi, na yeyote angeweza kuingizwa hapo. Kibaya zaidi, Fundi alikuwa ametoweka. Alirudi mekoni, akaona wali, akakusanya masufuria yake na kupanda lori bila kudai ujira wala kuaga. Mtu asiye na hatia anaacha ujira wake? Watu wakasema amekwisha kulipwa na mwingine.

Nami pia nilimshuku Fundi. Nilimshuku shemeji zaidi, nikaona kama ndiye aliyempanga. Nilimshuku mke wa shemeji, aliyekuja kununua akiwa na haraka isiyo ya kawaida. Sikupata usingizi vizuri siku zile. Wateja walianza kuona haya kununua binzari kwetu, wakinong'ona kwamba imesomewa. Bwana Mdogo kwa mara ya kwanza hakucheka.

Shemeji alipeleka shauri kwa jumbe. Madai yake yalikuwa mafupi: mwanamke aliyevunja eda hana haki ya kukaa nyumbani kwa marehemu, arudishwe kwao Mbwara mara moja. Mara moja maana yake kabla ya mavuno. Jasho lake na la mumewe lingebaki bondeni, likivunwa na mwingine, na yeye angerudi kwao na jina ambalo hakuna sabuni ya kulitoa. Jumbe akasema atasikiliza Ijumaa baada ya swala, na kwa kuwa mjane hatoki, shauri litasikilizwa barazani kwake mwenyewe, yeye akiwa nyuma ya mlango.

Siku chache kabla ya Ijumaa hiyo, mchana, nani anaingia dukani? Fundi. Alikuwa amepata shughuli ya maulidi huko Umwe na alihitaji viungo. Alinisalimu kama mtu asiye na deni la dunia. Nikajibu taratibu, nikimtazama mikono.

"Nipatie bizari, bibie, vibaba viwili."

Nikateka binzari kwenye debe lake, nikaimimina kwenye mizani. Akakunja uso.

"Nimesema bizari. Hayo si manjano?"

"Binzari ndiyo hii, Fundi. Hakuna nyingine."

"Hayo manjano, bibie. Bizari zile pale," akasema, akanionyesha gunia la jira, zile mbegu nyembamba za kahawia ambazo sisi Kibiti tuliziita hivyo, kama Wahindi walivyotuzoesha.

Nilitoka nyuma ya kaunta, nikaenda mlangoni, nikatia komeo kwa ndani. Fundi akarudi nyuma mpaka akagusa magunia.

"Bibie," akasema, "mimi nina mke."

Nilimwambia akae chini, sikumfungia kwa hilo. Nikamuuliza kwa nini alikimbia hitima ya watu. Akasema kwa uchungu kwamba alipofunua wali wake na kukuta umetiwa manjano, alijua pale pana mpishi mwenzake aliyewahonga wanawake wamwaibishe, ndiyo maana hakukaa hata kudai chake, asije akaambiwa alipe yeye. Kumbe naye alikuwa akitushuku sisi! Hata hapo sikumwamini moja kwa moja. Nilimzungusha, nikamuuliza kwao samaki wanamtia nini kabla ya tui. Akasema manjano. Mwali wanamsinga kwa nini? Manjano na liwa. Na pilau? Bizari, akasema, kama mtu anayemfundisha mtoto. Neno lilikuwa moja, isipokuwa lilivuka bahari likabadilika rangi.

Bwana Mdogo alikuta mlango umefungwa mchana kweupe, mfanyakazi wake na mwanamume wako ndani. Nilipomfungulia alitaka kuuliza, akaniona uso, akaacha. Nilimweleza. Alimlisha Fundi na kumlaza stoo mpaka Ijumaa, nami nilishika ufunguo, maana sikutaka kusikia tena habari za malori.

Ijumaa baraza ilijaa mpaka uani. Jumbe alikuwa mzee wa maneno machache, anayesikiliza amefumba macho, na wengi walidhani analala. Tulikwisha kumweleza habari ya maneno yale mawili, akaomba ungo. Akaamuru niweke binzari upande mmoja na jira upande wa pili. Akamwita Fundi, akamwambia aguse bizari. Fundi akagusa jira. Akawaita wanawake waliokuwa mekoni, mmoja mmoja, kila mmoja aguse binzari. Wote wakagusa ule unga wa njano, na wa mwisho alikuwa mke wa shemeji mwenyewe. Minong'ono ikapita barazani, halafu mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Jumbe akauliza kuelekea mlangoni kama mjane ana neno.

"Niliombwa binzari, nikatoa binzari," Sikujua akajibu. "Sina jingine."

Mjomba wa marehemu, yule aliyeuliza nani anaolewa, akatania kwamba jina la mwanamke lilikwisha kumtetea tangu alipozaliwa. Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama shemeji. Alingoja kicheko kiishe, akasema, "Habari ya wali nimeelewa. Lakini vidole nimeviona kwa macho yangu."

Jumbe akafumbua macho. "Aliyepima binzari kwa mkono, ulitaka vidole vyake viwe vya buluu?"

Akaamua papo hapo. Sikujua amalize eda yake nyumbani kwake, avune mpunga wake, na asisumbuliwe. Shemeji akavaa viatu. Alipopita karibu nami nilimsikia akimwambia mwenzake, "Nimeshindwa, sikusema nimekosea." Nikajua shauri limekwisha kwa jumbe, kwingine halijaisha.

Nilibaki Kibiti na Bwana Mdogo mpaka Waingereza walipokaribia kuondoka. Yeye akauza duka akahamia Dar es Salaam, akanipa mizani ndogo na baibui jipya, nami nikastaafu. Tangu siku ya baraza nilikuwa na desturi moja pale kaunta: mtu akitaka binzari, nilimwambia anionyeshe kwa kidole kabla sijateka. Wageni waliona ninawadharau. Siku hizi binzari inakuja kwenye pakiti zenye picha ya mwanamke anayecheka, na wasichana wa leo wanaimimina chunguni bila hata kuinusa. Mimi bado naipaka chokaa kwanza. Wanasema bibi amezeeka, na mimi naiangalia ile pakiti, najiuliza yule mwanamke anamcheka nani.

Kilichonisumbua zaidi katika kazi yangu yote, hata hivyo, hakikuwa binzari iliyochanganywa. Sikujua alimaliza eda, akavuna, akajaza ghala lake. Mwaka uliofuata seremala mmoja wa Umwe, mgane, mtu mwema ambaye nilimchunguza kila upande nikakosa kasoro, alinituma nimpelekee Sikujua posa. Nilikwenda nikiwa na furaha. Nilimkuta anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilimwona usoni kwamba anamtaka. Sikukosea, mambo hayo hayafichiki.

"Nikikubali," akasema, "yule shemeji atasema, si niliwaambia? Mwanamume huyu hapa."

Nilimwambia jumbe alikwisha kumsafisha mbele ya watu wote. Akasema jumbe alisafisha eda, na huyu mwanamume angekuwa ushahidi. Nikarudisha jibu. Seremala alingoja muda mrefu kuliko nilivyodhani, mwisho akaoa kwingine. Nilikasirika, niliwakasirikia wote, hata Sikujua mwenyewe.

Miaka ilipita, shemeji akafa. Tulikuwa tumekwisha kuzeeka, mimi na Sikujua, tukikaa kwenye kibaraza kimoja tukichambua mboga. Nilimtania kwamba sasa yuko huru, aliyesema amekwenda, tumtafutie mzee mwenye ng'ombe. Alitabasamu. Halafu akaniambia, bila hasira yoyote, kama anayenikumbusha kitu nilichosahau sokoni:

"Aliyesema kafa, shoga yangu. Waliosikia wangali hai."

Leo naye hayupo, na katika waliosikia nimebaki mimi.